Urithi wa Ulevi na Lawama ya Mlevi

Mtoto wa nyoka ni nyoka, walisema wahenga. Methali hii hutupwa mara nyingi juu ya mtoto wa mlevi, hata kabla hajaonja tone la kileo. Aitupaye hudhani amesema kweli yote. Naye atupiwaye, siku akianguka, huiokota akaifanya udhuru: nimezaliwa hivi, nitafanyaje? Basi methali moja yatumika kwa kazi mbili, kumhukumu asiye na kosa na kumsamehe mwenye kosa. Yafaa tuipime.

Kwamba ulevi una mizizi katika nasaba, hapana shaka. Mwaka 1973 Donald Goodwin na wenzake walitoa habari za wanaume wa Denmark ambao mzazi wao mmoja alikuwa mlevi, wakatengwa naye katika majuma 6 ya kwanza ya maisha yao, wakalelewa na watu wengine. Walipokuwa watu wazima, 18 katika kila mia walikuwa walevi. Miongoni mwa waliolelewa vivyo hivyo, lakini wazazi wao hawakuwa walevi, 5 tu katika kila mia. Wale wa kwanza hawakumwona mzazi akipepesuka, wala hawakutumwa kumnunulia pombe. Alichowaachia ni damu yake.

Utafiti mwingine washangaza zaidi. Marc Schuckit wa San Diego, Marekani, aliwanywesha vijana kipimo cha kileo akapima walivyolewa. Mwaka 1994 alieleza yaliyowapata baada ya miaka kama 10. Miongoni mwa wana wa walevi, wale waliokuwa wamelewa kidogo, 56 katika kila mia walinaswa na ulevi. Wale waliokuwa wamelewa sana, 14 tu. Kwa hiyo yule ajivunaye kilabuni kwamba kichwa chake ni kigumu, hunywa wala hayumbi, pengine anajisifia alama ya hatari yake. Mwenzake huonywa na mwili kwa kikombe cha pili. Yeye hufika kilindini bila ya kuonywa.

Je, damu ndiyo hakimu wa mwisho? Habari za Japani zajibu, la. Watu wengi huko wana jeni inayodhoofisha kimeng'enya cha kuondoa sumu ambayo mwili huitengeneza unapokivunja kileo. Wanywapo, uso huwaiva, moyo huenda mbio, na kichefuchefu huwashika. Hiyo ni ngao ya kuzaliwa. Walakini, katika walevi waliochunguzwa, walioirithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja walikuwa 2.5 katika kila mia mwaka 1979, wakawa 13 mwaka 1992. Damu ya taifa haibadiliki kwa miaka 13. Maisha ya watu hubadilika. Ikiwa ngao ya damu yaweza kutobolewa na mazoea, mkuki wa damu nao waweza kukingwa na mazoea.

Wataalamu hukadiria kuwa urithi huchukua kama nusu ya tofauti zilizopo baina ya watu katika jambo hili. Wala si jeni moja. Ni nyingi, na nyingi katika hizo huvuta kidogo kidogo.

Kwa hiyo naona kuwa lawama hupungua, lakini wajibu huongezeka. Aliyerithi deni la babaye hakulikopa. Hata hivyo, akijua kuwa lipo, hawezi kuishi kama asiyedaiwa. Mahali pa wajibu wake si kikombe cha kumi, ambapo hiari imekwisha dhoofika, bali ni kikombe cha kwanza, ambapo hiari ingali nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini nani awezaye kuziba ufa asioonyeshwa? Jamaa nyingi huficha ulevi wa babu kama aibu, na kijana hukifikia kikombe akiwa hana habari. Wazazi wamwambiao mtoto mipaka ya shamba atakalorithi wamwambie na hatari atakayorithi. Nasi tusio na mzigo huo tusijitukuze. Asiyeona kiu hana sifa kubwa kwa kuacha maji.

Mtoto wa mlevi si mlevi. Ni mtu mwenye haki ya kuambiwa mapema. Atakaye kumhukumu na ajiulize kwanza kama alimwambia.