Aliyeambiwa Apatane Ni Nani?

Somo letu la juma hili ni Mathayo 5:23-26, pale Yesu anapozungumza juu ya kupatana na mshitaki mkiwa bado njiani kwenda kortini.

Fungu hili tunapenda sana kumsomea mnyonge. Mfanyakazi amefutwa kwa kusema ukweli, anataka kushtaki, na sisi watu wa maombi tunamwambia, "Ndugu, wewe umeokoka, achana na hiyo kesi." Hebu soma tena, polepole. Yesu anaongea na nani? Anaongea na anayeshtakiwa! Huyo ndiye anayeambiwa aache sadaka yake madhabahuni aende kwa ndugu aliyemkosea. Huyo ndiye atakayelipa hadi senti ya mwisho.

Wengi wetu tuna jamaa wanaoendesha trela Marekani, kwa hivyo wacha niwape kisa cha huko. Januari 2009, dereva mmoja alikwama usiku kando ya barabara kuu, jimbo la Illinois. Baridi ilikuwa chini ya sufuri, breki za trela zimeganda, na hita ya lori haifanyi kazi. Akapiga simu kazini kuripoti, akaambiwa angoje fundi. Alingoja saa kadhaa, hata miguu akawa haisikii. Mkubwa wake akamwambia aivute trela hivyo hivyo na breki zimeganda, ama akae nayo. Akaifungua, akaenda na kichwa cha lori kutafuta joto. Siku chache baadaye, kazi hana.

Huko kuna sheria ya 1982 inayomlinda dereva anayeripoti gari bovu au kukataa kuliendesha. Ana siku 180 kupeleka malalamiko kwa Idara ya Kazi. Huyu alipeleka, na mwajiri akapinga hadi mahakama ya rufaa. Dereva alishinda huko mwaka wa 2016: arudishwe kazini, alipwe mshahara aliokosa. Miaka saba! Nilisoma biashara chuoni, na hata mimi sijui hiyo hesabu ilipigwaje.

Na wangeweza kupatana njiani, sheria hiyo inaruhusu. Lakini haiwaruhusu kumalizia mambo chemba: mapatano ni lazima yaidhinishwe na wanaosimamia kesi. Mimi naona hekima hapo. Mtu mwenye deni la kodi ya nyumba na karo ya watoto atatia sahihi karatasi yoyote ukimwekea bahasha mezani. Hiyo tutaiita amani? Zakayo katika Luka 19 hakuomba watu wanyamaze. Alitaja hesabu mbele ya watu wote, mara nne.

Hapa kwetu pia, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 46, inasema kulalamika dhidi ya mwajiri si sababu ya haki ya kumfuta mtu, isipokuwa lalamiko lenyewe halina msingi.

Ninyi wenye malori mnaoabudu nasi, kama kuna dereva ulimtoa kwa sababu alisema tairi zimeisha, namba yake bado unayo. Mpigie kabla ya sadaka ya Jumapili. Na wewe dereva uliyeletewa karatasi utie sahihi, usiharakishe. Njoo nayo baada ya ibada, pamoja na barua ya kufutwa, tuketi tuisome mstari kwa mstari.