Pishi ya Fitri na Uzi wa Akriliki

Paterni ikitaka uzi fulani wa sufu, na uzi huo Lushoto haupo, mfumaji ameamrishwa nini hasa: uzi, sindano, au sweta? Wenzangu hunicheka nikisema hili ni swali la dini kabla halijawa la ufundi. Wacheke tu.

Mteja mmoja aliniletea karatasi aliyotumiwa na dada yake aliye Uingereza. Sweta la mtoto mdogo, mzunguko wa kifua sentimita 60, mabonge 5 ya sufu ya gramu 50, sindano za milimita 4, na kipimo chake: vitanzi 22 na mistari 30 katika mraba wa sentimita 10. Mkononi ameshika akriliki ya rangi ya maziwa, maana ndiyo inayopatikana madukani kwetu. "Bibi, kwani uzi si uzi tu?"

Nilifuma kipande cha kujaribia, nikakiosha, nikakiacha kikauke ndipo nikahesabu. Kwa sindano zilezile za milimita 4 uzi wake ulitoa vitanzi 20. Tofauti ya vitanzi viwili mtu ataipuuza. Lakini sehemu ya mbele inaanza na vitanzi 66, ambavyo kwa mwenye paterni ni sentimita 30. Kwetu vilevile 66 ni sentimita 33. Weka na mgongo, sweta limefika sentimita 66 na mtoto anaogelea ndani. Nikashuka hadi sindano za 3.5, vikatimia 22. Yaani niliiasi namba ya sindano ili niwe nimelitii sweta. Aliyeng'ang'ania 4 kwa kuwa imeandikwa 4 angefuata kila herufi, kisha amvishe mtoto gunia.

Hapo wengi huishia: shika lengo, herufi achana nayo. Mimi siishii hapo, na sababu ni pishi ya fitri, zaka ya chakula inayotolewa Ramadhani inapokwisha.

Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Abu Said al-Khudri anasimulia kwamba zama za Mtume (s.a.w.) walikuwa wakitoa pishi moja ya chakula: shayiri, tende, zabibu, jibini kavu. Mchele haumo. Sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi tunatoa mchele kwa kuwa kinachotolewa ni chakula kikuu cha mji, na hakuna anayeshangaa. Pishi yenyewe ni ujazo, vibaba vinne, wala si uzito. Ndiyo maana masheikh wakiigeuza kuwa kilo huyu atasema 2.5 na yule 3, kwani chombo kilekile kikijaa tende na kikijaa mchele hakisomi sawa kwenye mizani. Uzi nao ndivyo ulivyo. Gramu 250 za pamba hazifiki urefu wa gramu 250 za sufu, kwa sababu pamba ni nzito. Anayenunua kwa gramu badala ya mita atafika mkono wa pili bonge limekwisha.

Basi Muawiya, akiwa mtawala, alikuja kutoka Sham, akapanda mimbari na kusema kwamba kwa rai yake vibaba viwili vya ngano ya Sham vinalingana na pishi nzima ya tende. Hesabu ile haikuwa ya kipuuzi, kwani ngano ilikuwa na thamani kubwa zaidi. Watu wakaichukua, na Mahanafi, wafuasi wa Abu Hanifa, mpaka leo wanakubali nusu pishi ya ngano. Abu Said akakataa. Akasema yeye ataendelea kutoa kama alivyokuwa akitoa, maisha yake yote.

Wapo wanaomwona mshika herufi. Mimi namwona fundi. Alijua kwamba vitu viwili kulingana kwa kipimo kimoja si kuwa kitu kimoja. Akriliki yangu ililingana na sufu kwa vitanzi, na kwa bahati hata kwa mistari. Lakini sufu ikilowa bado huhifadhi joto, na ukiivuta hurudi. Akriliki ukiipiga pasi ya moto inalegea, na ikishalegea ndiyo basi. Kipimo cha karatasi hakikuuliza hayo. Kiliyachukulia kuwa yamo, kwa kuwa aliyekiandika alikuwa na sufu mkononi.

Kubadilisha kunaruhusiwa, basi, na huku kwetu mara nyingi hakuepukiki. Swali langu ni jingine: ukishapima kadiri ya uwezo wako, shaka inayobaki aibebe nani? Abu Said aliibeba mwenyewe. Kati ya nusu na nzima, maskini alipata nzima. Lile sweta nami nililiongeza sentimita 2 za urefu, nikafuma pindo maradufu, uzi wa ziada nisiuingize kwenye bei, na nikamwambia mama mtu pasi isilikaribie.

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anayagawa mambo ya ibada katika kitabu chake *Ihya*. Kuna yaliyo utiifu mtupu, kama kurusha vijiwe Mina. Kuna ya kutimiza haki ya mtu, kama kulipa deni. Na kuna yenye sura zote mbili, na zaka anaiweka humo. Kwa hiyo haimtoshi kusema maskini ameshiba na mambo yamekwisha. Naelewa. Karatasi ya paterni pia ina mistari ambayo sioni maana yake mpaka nifike begani, na siiruki kwa sababu tu sijaiona.

Mwishoni mwa Ramadhani mpwa wangu anayefanya kazi Dar alinipigia. "Shikamoo shangazi. Mwaka huu natuma pesa tu, wao watanunua wanachotaka. Abu Hanifa ameruhusu thamani." Hoja anayo, na mwenye kuhitaji dawa hashibi mchele. Nilimwambia kama anamfuata Abu Hanifa na amfuate vizuri: ahesabu pishi nzima, na bei iwe ya ule mchele anaoula yeye nyumbani kwake, si ule wa chenga anaouona umeandikwa bei ya chini gengeni.