Mwonjaji Hutema

Mwaka jana niliandika maelezo ya chai 40 za matunda na mitishamba bila kuonja hata moja. Nililipwa vizuri, na wakati huo sikuona shida yoyote.

Wacha nieleze. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, karo iliposhindikana, na tangu hapo naishi kwa kuandikia watu vitu mtandaoni: maelezo ya viatu, ya magodoro, ya hoteli ambazo sitawahi kulala. Mteja wa chai alikuwa ng'ambo. Alinitumia faili lenye majina ya chai, viungo vya kila moja na safu kadhaa za mambo mengine, akataka maneno 80 kwa kila chai. Sharti lake lilikuwa moja tu: mtu akisoma, mate yamtoke.

Nikakaa hapo kwangu Githurai, kikombe cha strungi kando, nikaanza. Chai ya pichi na pasheni. Chai ya tufaha na mdalasini. Chai ya rasiberi. Sasa rasiberi mimi sijawahi kuila. Hata sokoni sijawahi kuiona. Lakini niliandika kwamba chai hiyo ina ladha ya rasiberi zilizochumwa jua la asubuhi likianza kupasha shamba. Jua la asubuhi nalijua, nimezaliwa Limuru. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya sentensi ile niliyokuwa na haki nayo.

Nilijitetea hivi: hata chai zenyewe zinadanganya. Kwanza, si chai. Chai ni Camellia sinensis, mmea ule ule uliopandwa Limuru mwaka wa 1903 na ambao mpaka leo unalipa karo za watoto wengi, ingawa yangu ulishindwa kuimaliza. Vinywaji hivi vingine havina hata jani moja la mmea huo. Ni maua, mizizi, maganda na matunda makavu yanayotiwa maji moto. Pili, geuza boksi la chai ya stroberi usome nyuma. Viungo hupangwa kwa uzito, kizito kwanza. Mara nyingi utakuta hibiskasi iko mbele, inafuata tufaha, halafu matunda ya waridi mwitu. Stroberi yenyewe inaning'inia mwisho kama konda wa matatu. Ule wekundu na uchachu ni wa hibiskasi. Stroberi unayoisikia ni harufu iliyoongezwa.

Unaweza kupima nyumbani. Ziba pua kabisa, kunywa. Utapata uchachu, basi. Achilia pua, na stroberi inarudi kama mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango. Sehemu kubwa ya kile tunachoita ladha ni kazi ya pua, ulimi unachukua sifa tu.

Kwa hivyo nikajiambia: kama boksi linasema stroberi na ndani ni hibiskasi, na kama ulimi unasema stroberi na ni pua, mimi na sentensi yangu moja ya jua la asubuhi ni mwongo mkubwa kiasi gani?

Nilifunga kazi, nikalipwa, na mteja akafurahi mpaka akanitumia boksi la sampuli. Lilifika posta baada ya wiki tano. Nikaonja mbili tatu. Ile ya rasiberi haikunifanya nione shamba lolote. Ilikuwa chachu, yenye harufu ya lipstiki. Zilizobaki nikampelekea mama.

Mama yangu amechuma chai tangu akiwa msichana. Majani mawili na kichipukizi, kikapu mgongoni, asubuhi kabla umande haujakauka. Anajua chai kwa vidole. Akafungua boksi, akanusa kifuko kimoja, akacheka. "Hii si chai, hii ni sabuni," akasema. Lakini akaendelea kunusa, kimoja baada ya kingine, mpaka akafika kimoja akanyamaza. Akatia maji moto. Akaonja, akanitazama.

"Umeweka sukari?"

"Sijaweka, mama."

"Basi hii ni ya wageni." Akanipa pakiti. "Baba, hebu nisomee inasema nini." Huniita baba kwa sababu nilipewa jina la baba yake.

Nikamsomea. Nilikuwa nasoma maneno yangu mwenyewe, na nakiri nilisoma kwa madoido, kwa sababu si kila siku mtu anapata kumsomea mama yake kazi yake iliyochapishwa. Ilisema ni mchanganyiko mtulivu wa mizizi na viungo, mtamu bila sukari, hauna kafeini, wa kufurahiwa na kila mtu katika familia, saa yoyote ya siku.

Mama ana presha. Ameambiwa apunguze chumvi, apunguze sukari, apunguze majani ya chai. Maisha yake siku hizi ni orodha ya vitu vya kupunguza. Hapo akapata kikombe kitamu kisicho na sukari, kisicho na kafeini, kilichoandikwa na mtoto wake. Alikuwa anakunywa vitatu kwa siku.

Wiki ya nne akaenda kliniki kama kawaida. Presha ilikuwa 172 kwa 104. Nesi akauliza kama ameacha dawa. Hakuwa ameacha. Akauliza kuhusu chumvi. Hapana. Akauliza anakunywa nini, na mama, kwa majivuno, akatoa pakiti kwenye kibeti. Nesi akasoma viungo, akaweka kidole kwenye neno la kwanza: mzizi wa likorisi, ambao kwa Kiswahili ni urukususu. Akamwambia, mama, hii acha leo.

Nilipopigiwa simu nikafungua lile faili la zamani. Likorisi ina kitu kiitwacho glisirizini, ambacho ni kitamu mara 30 hadi 50 kuliko sukari. Ndicho kile mama alichodhani ni sukari. Kitu hicho hicho hufanya mwili ushikilie chumvi na kupoteza potasiamu, na presha inapanda. Haya yote si siri. Na nikasogeza faili upande wa kulia, kwenye zile safu ambazo sikuwa nimezijali, nikakuta moja imeandikwa "tahadhari". Mstari wa 31 ulisema: wenye shinikizo la damu wasitumie kwa wingi. Sikuwa nimeuweka. Maneno yalikuwa yameshafika 80.

Tangu siku hiyo nimekuwa na swali moja, na nimelizungusha sana kichwani: kosa langu lilikuwa nini hasa?

Jibu la haraka ni kwamba niliandika nisichokionja. Wahenga wanasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi nilikuwa nje ya kaburi nikisimulia. Lakini jibu hili halinitoshi. Fikiria: ningekuwa nimeonja ile chai, ningeandika nini? Kwamba ni tamu. Ningeisifu zaidi, tena kwa dhamiri safi. Mama mwenyewe aliionja, na ana ulimi uliofundwa na miaka 40 ya chai, na ulimi huo ulimwambia ongeza kikombe.

Katika noti zangu za chuo, zile nilizobaki nazo, kuna hadithi ambayo mwanafalsafa David Hume aliisimulia mwaka wa 1757, naye aliitoa kwenye Don Quixote. Wanaume wawili wanapewa mvinyo wa pipa moja waonje. Wa kwanza anasema ni mzuri, ila ana ladha kidogo ya ngozi. Wa pili anasema ni mzuri, ila anasikia chuma. Watu wanawacheka wote wawili. Pipa linapoisha, chini kabisa unapatikana ufunguo uliofungwa kwa kamba ya ngozi. Hume alitaka kuonyesha kwamba ladha si maoni tu, kuna ulimi unaojua na ulimi usiojua. Naipenda hadithi hiyo. Lakini sasa huwa nawaza: je, kama chini ya pipa hapakuwa na ufunguo, bali kitu ambacho hakuna ulimi duniani unaoweza kukisikia? Presha haina ladha.

Tena sisi tumelelewa na kanuni nyingine ya ulimi. Kitoto nilipewa mwarobaini uliochemshwa, na nilipolia kwamba ni chungu nikaambiwa ndiyo maana ni dawa. Kichungu ni dawa, kitamu ni starehe. Kwa hivyo kitu kitamu hatukishuku. Ikiandikwa "mitishamba" juu yake, mlinzi wa mwisho analala. Ni majani tu, jamani. Kana kwamba sumu zote hutoka kiwandani.

Halafu kuna waonjaji wa kweli, wale wa kazi. Mombasa, kabla chai haijapigwa mnada, hupangwa vikombe safu ndefu juu ya meza. Kuna hata kanuni ya kimataifa, ISO 3103, ya jinsi ya kuandaa chai ya kuonja: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji, dakika 6. Mwonjaji anapita na kijiko, anavuta chai kwa kelele ambayo nyumbani kwetu ingekupatia kofi, hewa ipande puani, kisha anatema. Kikombe kinachofuata. Akimeza zote hataweza kazi.

Simlaumu. Kazi yake ni kusema chai hii ina ladha gani, na anaisema kwa uaminifu kuliko mimi. Ila kutema kwake kunanifundisha mpaka wa kuonja. Kuna mtu anayeonja na kuna mtu anayemeza. Anayeonja huuliza kitu hiki kikoje mdomoni. Anayemeza ataishi nacho. Mama yangu alimeza vikombe vitatu kwa siku, kwa wiki nne. Mimi sikuwa hata mwonjaji. Nilitema kitu ambacho hakikuwahi kuingia mdomoni.

Harry Frankfurt, mwanafalsafa wa Marekani, alitofautisha mwongo na mpiga porojo. Mwongo anaujua ukweli na anaukimbia, kwa hivyo angalau anaujali. Mpiga porojo hajali kama anachosema ni kweli au si kweli, mradi maneno yafanye kazi yake. Mimi sikumdanganya mtu kuhusu likorisi. Ningejua nadanganya ningeogopa. Nilikuwa najaza maneno 80. "Kila mtu katika familia" sikuiandika kwa sababu niliamini, niliiandika kwa sababu ilikuwa na mdundo.

Na hapa ndipo ninapowatenganisha rasiberi na likorisi, ingawa niliziandika kwa mkono mmoja usiku mmoja. Msomaji anayesoma kuhusu jua la asubuhi anajua anabembelezwa. Kuna mkataba kati yetu, kama ule wa muuza ndizi anayekuita "mrembo" na ndizi. Hakuna anayeenda kortini. Lakini "ya kila mtu" haikuwa kubembeleza. Ilikuwa ahadi kuhusu mwili wa mtu nisiyemjua, na ilivaa nguo zile zile za jua la asubuhi, ndiyo maana hata mimi niliyeishona sikuitambua nilipokuwa namsomea mama.

Kuna watakaosema: si kosa lako, ni la mteja, ni la mfumo, wewe ni kibarua tu. Nimejaribu kulala na jibu hilo. Ni kweli mteja alilipa kwa neno na si kwa ukweli. Ni kweli kodi ya nyumba haisubiri. Lakini ile safu ya tahadhari ilikuwepo. Ingenichukua maneno saba. Ningeweza kutoa jua.

Nilimwandikia mteja arekebishe. Akajibu "asante", na siku tisa baadaye sentensi ikabadilishwa. Sijui ni nani aliinunua katika siku hizo na zile za kabla. Presha ya mama ilishuka polepole baada ya kuacha, na nesi alisema huenda ilikuwa likorisi, huenda kulikuwa na mengine pia. Hiyo "huenda" naishika kwa mikono miwili baadhi ya usiku, halafu naiachilia.

Kumwambia mama kwamba maneno yalikuwa yangu na kwamba tahadhari niliiona ikiwa imechelewa, kulinichukua mwezi. Nilimwambia jikoni. Alikuwa anachemsha chai ya maziwa, ya kweli, na hakugeuka haraka.

"Wewe ulikuwa umeikunywa?" akauliza.

"Hapana."

"Na uliniambia ni tamu."

"Ndiyo."

"Ilikuwa tamu," akasema, akapunguza moto.

Bado naandika maelezo ya bidhaa. Sina kazi nyingine. Naonja ninachoweza kuonja, nasoma safu zote, na wateja wawili wameniacha kwa kuuliza maswali mengi. Mama naye ana tabia mpya. Akipata kitu chochote chenye maandishi, iwe dawa, unga au mafuta ya kujipaka, ananiwekea mezani mpaka nifike nyumbani. Ananipa miwani yake ingawa siihitaji, anakaa, anasema: "Baba, soma. Na hayo madogo pia."