Wewe Unasema Yeye ni Nani?

Masomo: Mathayo 16:13-23, Yohana 11:17-27



Nilikuwa mwalimu kwa miaka 38, na katika miaka hiyo kipindi cha dini mara nyingi kilikuwa mikononi mwangu, kwa kuwa wenzangu walikikwepa. Nilikuwa na maswali yangu niliyoyazoea. Moja lilikuwa hili: Yesu Kristo ni nani? Mtoto aliyejibu kwamba ni Mwana wa Mungu, aliyezaliwa na Bikira Mariamu, akateswa, akafa, akafufuka siku ya tatu, nilimpa alama zote. Aliyesahau ufufuko nilimpunguzia mbili. Sikumbuki hata mara moja kujiuliza kama mtoto yule alimfahamu huyo aliyemweleza vizuri namna ile. Wala haikunijia kujiuliza kama mimi mwenyewe namfahamu.

Aliyeniuliza swali hilo hakuwa padre wala mkatekisti. Ni jirani yangu hapa Mikindani, Mwislamu, mvuvi wa nyavu, mtu ambaye tumechimba naye kisima kimoja na tumecheza naye bao kwa miaka mingi. Mke wangu alifariki mwaka juzi, wakati wa Kwaresima. Watu wa mtaa wote walikuja msibani, wa msikitini na wa kanisani, kama ilivyo desturi yetu huku pwani, na jirani yangu huyu alilala barazani kwangu siku tatu. Arobaini ilipokwisha alikuja jioni moja, akaketi, akakaa kimya kidogo, kisha akasema:

"Mwalimu, uniwie radhi, nina neno la kukuuliza."

"Uliza, ndugu yangu."

"Tunavyosema sisi juu ya Nabii Isa ninajua. Na mnavyosema ninyi ninajua pia, maana kipaza sauti chenu tunakisikia mpaka ufukweni. Wewe mwenyewe je? Usiku ule ulipokuwa peke yako na marehemu, kwako wewe Isa alikuwa nani?"

Nikamjibu kama nilivyozoea kujibu. Nilianza na kuzaliwa kwake, nikaenda mpaka kuketi kwake mkono wa kuume wa Baba. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akasema, "Hayo ni ya kanisa, Mwalimu. Mimi nimekuuliza wewe." Akaaga, kwa kuwa maji yalikuwa yanajaa na wenzake walikuwa wanamngoja.

Ndugu zangu, kwa juma zima sikupata usingizi mzuri.

Tunasoma katika Mathayo kwamba Bwana wetu aliwauliza wanafunzi wake maswali mawili walipofika pande za Kaisaria Filipi. Mji ule ulikuwa chini ya mlima Hermoni, karibu na chemchemi za mto Yordani. Filipo mwana wa Herode aliujenga akaupa jina la Kaisari, na hapo palikuwa na mahali pa kuabudia mungu wa Kiyunani aliyeitwa Pani. Basi swali halikuulizwa hekaluni, mahali ambapo kila mtu angejua jibu linalotakiwa. Liliulizwa katika nchi ya watu wenye imani nyingine, kama sisi tulivyoulizwa na majirani zetu.

Swali la kwanza lilikuwa rahisi: watu wanasemaje? Wanafunzi walijibu haraka, kwani habari za watu kila mtu anazo. Wengine walisema ni Yohana Mbatizaji, wengine Eliya, wengine Yeremia au mmojawapo wa manabii. Angalieni kwamba majibu yale hayakuwa ya matusi. Kumwita mtu Eliya ni kumpa heshima kubwa. Vivyo hivyo majirani zetu Waislamu hawamtukani Bwana wetu. Katika Kurani iko sura nzima, ya 19, yenye jina la Mariamu mama yake, nao wanakiri kwamba alizaliwa na bikira na kwamba ni Masihi na ni nabii. Wanakataa kwamba ni Mwana wa Mungu, na hapo tunaachana nao. Lakini nawasikia baadhi yetu wakisema kwamba Waislamu wanamdharau Yesu. Hilo si kweli, nasi tusilirudie.

Hata hivyo, yawezekana kumheshimu mtu na usimfahamu. Alipokuja mkaguzi shuleni tulisimama wote, tukamwita bwana mkubwa, tukampa kiti kizuri na soda. Alipoondoka hakuna hata mmoja wetu aliyejua ana watoto wangapi.

Kisha likaja swali la pili: na ninyi je? Hapa niruhusuni nirudi darasani kidogo, kwa kuwa nimefundisha Kiswahili pia, na katika chuo cha ualimu tulisisitiziwa sana habari za nafsi. Wale watu wote walimsema Yesu kwa nafsi ya tatu: yeye ni fulani. Petro alibadili nafsi. Alimgeukia yule aliyekuwa mbele yake, akasema wewe. Na tena lugha yetu ina neno dogo ambalo watafsiri wa Maandiko walilitumia vizuri sana, nalo ni "ndiwe". Nikikuambia "wewe ni mwalimu", nimetoa habari tu, na walimu wako wengi. Nikisema "wewe ndiwe mwalimu", nimekutenga na watu wote waliopo.

Fikirini mmetumwa stendi ya mabasi ya Mtwara kumpokea mgeni msiyemjua. Mmepewa maelezo: mrefu, mzee, ana begi jeusi na kofia. Maelezo hayo ni ya kweli na mmeyakariri. Mnaweza kusimama pale na maelezo yenu mpaka basi la mwisho, wakati mgeni ameketi hatua tano kutoka kwenu. Mpaka mmoja wenu atoke, amkaribie, amtazame usoni na kumwuliza, "Wewe ndiwe tuliyeambiwa?" Ndipo anapogeuka.

Mimi nilikuwa mtu wa stendi. Maelezo nilikuwa nayo, tena kwa miaka 38 nimewafundisha wengine kuyakariri.

Sisemi kwamba maneno ya Kanisa hayana kazi. Bila maelezo utampokea mgeni asiye wako, na siku hizi wako wengi wanaojitangaza. Kanuni ya Imani tunayoisema kila Jumapili ni lazima tuijue. Lakini yafaa tukumbuke jinsi maneno hayo yalivyotufikia sisi watu wa kusini. Mwaka 1861 Askofu Charles Mackenzie, askofu wa kwanza wa UMCA, alifika kwenye mlango wa mto wetu wa Ruvuma pamoja na Daktari Livingstone, katika meli iliyoitwa Pioneer. Walipanda mto kwa siku chache, maji yakawa yanapungua, wakageuka wakarudi baharini. Mwaka uliofuata Askofu Mackenzie akafa kwa homa katika nchi ya Shire. Kwa njia ile ya meli, habari za Yesu zilifika kwenye mdomo wa mto na kurudi.

Zilikuja baadaye kwa miguu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na watu zaidi ya 50, wanaume na wanawake, waliokuwa wamekombolewa katika utumwa. Walishuka Lindi, wakatembea kwenda bara, nia yao ikiwa kurudi upande wa Ziwa Nyasa walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi wakaona nchi inafanana na kwao, wakaomba wabaki pale. Ndiyo asili ya Ukristo wetu. Na miaka kumi baadaye, mwaka 1886, Cecil Majaliwa, Myao aliyepelekwa utumwani tangu utoto na kulelewa na misheni huko Unguja, alifanywa shemasi akatumwa Chitangali. Mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika UMCA kuupata.

Sasa fikirini mtu kama huyo anapomwita Yesu Mkombozi. Mtoto wangu darasani aliliandika neno hilo ili apate alama. Kwa Majaliwa, kukomboa lilikuwa jambo lililompata mwilini. Alijua maana ya kuwa mali ya mtu, na alijua maana ya kutolewa humo. Yale aliyofundishwa na Wazungu hakuyabeba kama barua ya mtu mwingine. Ndiyo maana nadhani jirani yangu alikosea kidogo aliposema "hayo ni ya kanisa", lakini hakukosea juu yangu.

Lakini ningekuwa nawadanganya kama ningeachia kwa Petro na Majaliwa, maana mimi sikusimama mbele ya Bwana kwa ujasiri kama wao. Ningependa kusema habari za Martha. Sisi humkumbuka Martha kwa habari za vyombo vya jikoni tu, na mahubiri mengi niliyoyasikia yanamsuta. Tunasahau kwamba maneno yale yale ya Petro yalitoka pia kinywani mwake. Lazaro ndugu yake amekwisha kaa kaburini siku nne. Bwana amechelewa. Martha anatoka nje ya kijiji kumlaki, na neno lake la kwanza ni lawama: ungalikuwapo, ndugu yangu asingalikufa. Kisha, katika mazungumzo hayo hayo, machozi hayajakauka, anakiri kwamba yeye ndiye Kristo, Mwana wa Mungu. Na wakati huo Lazaro bado yumo kaburini. Hakuna jiwe lililoondolewa. Petro alikiri akiwa safarini na rafiki zake, na dakika chache baadaye akakemewa kwa sababu hakutaka kusikia habari za msalaba. Martha alikiri akiwa msibani.

Niliposoma mlango ule wa 11 mara ya tatu au ya nne, nilikumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelisahau, au nililionea haya. Usiku ule mke wangu alipokata roho, kitabu cha sala kilikuwa mezani na sikukifungua. Nilikuwa nimeketi sakafuni. Nilichosema kilikuwa maneno mawili tu, tena kwa sauti ya ukali ambayo singeruhusu mwanafunzi aitumie: "Uko wapi?" Nilirudia mara nyingi. Nilifikiri baadaye kwamba imani yangu ilishindwa, na kwa ajili hiyo niliungama kwa padre. Sasa nafikiri vingine. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliongea na Yesu kwa nafsi ya pili bila kusoma popote. Na "uko wapi" hatumwambii kila mtu. Twamwambia yule ambaye tulitazamia awepo, ambaye kuja kwake au kutokuja kwake ni jambo kubwa kwetu. Sikumwita Yohana Mbatizaji, wala Eliya. Hata watakatifu sikuwaita.

Jioni moja nilimfuata jirani yangu ufukweni. Alikuwa ameketi chini ya mkungu akitengeneza wavu.

"Lile swali lako nimekuja kulijibu," nikamwambia.

"Haya, Mwalimu."

"Usiku ule ndiye niliyemwita. Sikumwita kama mtu amwitavyo nabii. Nilimwita kama wewe unavyomwita Mwenyezi Mungu katika shida yako."

Alivuta uzi, akafunga fundo, akalikata kwa meno. "Hapo mimi na wewe tunaachana."

"Najua."

"Lakini leo umejibu wewe." Akanyamaza tena. "Basi mbona hakuja? Mama yetu yule alikuwa mtu mwema."

"Hilo namwuliza mwenyewe. Hata leo alfajiri nimemwuliza."

"Amekujibu?"

"Bado."

Akanisogezea upande wa pili wa wavu nimshikie, tukaendelea mpaka giza likaingia.