Jirani Asiyetoka Nje

Katika kila mtaa yumo mtu ambaye majirani wamekwisha zoea kusema juu yake: "Yule hatoki." Zamani alitoka. Aliimba katika kwaya, au alifanya kazi ya reli, au alikuwa na meza ya nyanya sokoni. Kisha likampata jambo: kifo cha mwenzi wake, mtihani alioshindwa, deni, aibu ya mtoto, pengine neno moja tu lililosemwa mbele za watu. Akakaa ndani siku tatu, majirani wakaona ni haki yake. Akakaa majuma matatu, wakaanza kunong'onezana. Mwaka ukiisha hakuna apigaye hodi tena, na yeye mwenyewe akisikia hodi moyo wamwenda mbio kana kwamba amekuja mdai.

Juma hili twataka kusema juu ya mtu huyo, na zaidi juu yetu sisi tupitao mbele ya mlango wake.

Hatusemi juu ya mtu mpole, mwenye maneno machache kwa tabia yake. Mungu hakutuumba sote wasemaji, na ashukuriwe kwa hilo. Wala hatusemi juu ya upweke wa sala. Bwana wetu Yezu Kristu alipanda mlimani kusali peke yake usiku kucha, lakini kulipokucha alishuka, akawaendea watu. Ajifungiaye kwa uchungu au kwa hofu hashuki. Kila siku akaayo ndani humwongezea sababu ya kukaa ndani kesho, mpaka kutoka kwenda kununua kibiriti kwamwia vigumu kuliko kwenda Kigoma kwa miguu.

Wako wasemao kwamba hayo ni maradhi ya wenzetu wa mbali. Kweli Wajapani wana jina la watu wa namna hiyo, huwaita hikikomori, na uchunguzi wa serikali yao uliotangazwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba watu wapata 1,460,000, wenye umri wa miaka 15 hadi 64, wanaishi hivyo. Lakini Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2025 kwamba duniani kote mtu mmoja katika kila sita anaumwa na upweke, wala halikusema kwamba Afrika imesalimika. Kijana wetu aliyemaliza kidato cha nne bila kupata kazi, ambaye hulala mchana na kukesha na simu yake, aweza kuwa na marafiki wa kuandikiana katika nchi nne, naye hajui jina la mzee akaaye ukuta wa pili.

Tena hapa magharibi jambo hili lina hatari yake. Kwa miaka mingi, katika mikoa ya Tabora, Shinyanga na Mwanza, bibi wazee wameuawa wakishukiwa uchawi, na mara nyingi ushahidi wote ulikuwa macho mekundu, yaliyofanywa mekundu na moshi wa jiko kwa maisha mazima ya kuwapikia wengine. Twajua kwamba ndani yake yamo pia mambo ya mirathi na mashamba. Lakini tujiulize mashaka hupata wapi nafasi ya kukua. Bibi asalimiwaye kila asubuhi na watoto waendao shule, ambaye mtaa mzima wajua goti lipi lamwuma, si rahisi kumgeuza kuwa mchawi. Bali yule asiyeonekana, kila homa ya mtoto na kila kifo cha ndama hutafuta jina, na jina lake ndilo lililo karibu, kwa kuwa hakuna amjuaye kiasi cha kumtetea. Basi mtu asituambie kwamba salamu ni jambo dogo.

Wazee wetu walilijua hilo kwa sababu walitembea. Msafara uliotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe ulichukua miezi mitatu hivi, wakati mwingine zaidi. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo thelathini na zaidi. Kati ya Ugogo na Unyanyembe ilikuwapo nyika yenye maji haba, ambayo wapagazi waliiita Mgunda Mkali. Aliyebaki nyuma peke yake huko, kwa ugonjwa au kwa kinyongo, alikuwa mawindo ya wanyama na ya wanyang'anyi. Kwa hiyo walitembea wakiimba, na jioni waligawanyika vikundi vikundi, kila kikundi na chungu chake na moto wake. Mwenye huzuni hakuhubiriwa; alipewa nafasi penye chungu.

Wengi husimulia kwamba ndipo ulipozaliwa utani wa Wanyamwezi na watu wa njiani, Wazaramo na Wagogo na wengineo. Twauona utani huo hata leo, na zaidi msibani. Watu wameinama, mjane hajanena neno tangu jana. Mara aja mtani, amevaa koti la marehemu, aiga mwendo wake na namna yake ya kukohoa, awatoza waombolezaji shilingi kwa kupita njia. Mgeni asiyejua desturi hufikiri ni utovu wa adabu. Lakini mtazameni mjane: mdomo wake wacheka kabla yeye hajakubali kucheka, na mkono wake watafuta sarafu. Amekwisha jibu. Hakuna aliyemwambia ajikaze wala asahau, na bado amejibu, na kwa jibu hilo dogo amekuwa tena mmoja wa watu. Makosa yetu ni kwamba siku ya arobaini ikiisha mtani hurudi kwake, nasi twaona kazi imekwisha, ambapo kwa mjane ndiyo kwanza yaanza.

Njia hiyo hiyo yatupa habari nyingine. Mwaka 1871 Daktari Livingstone alikuwa Ujiji, mgonjwa, amedhoofika, na mali aliyopelekewa ilikuwa imekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Yeye hakujifungia, aliachwa tu peke yake, tena kwa muda mrefu. Stanley alipofika karibu na mwisho wa mwaka, alimletea mfuko wa barua. Stanley mwenyewe asimulia kwamba mzee alisoma barua moja mbili za watoto wake, kisha akaziweka zilizobaki, akataka kwanza kuambiwa habari za dunia kwa mdomo. Na Livingstone aliandika kwamba tangu hapo, badala ya kula mara mbili bila ladha, alikula mara nne kwa siku, na kwa muda wa juma moja akaanza kujisikia ana nguvu. Mwezi wa Februari 1872 walifika pamoja Kwihara, karibu na mji wa Tabora, mahali ambapo leo pana nyumba ya makumbusho. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Twaisema mara nyingi kwa mzaha, na hapa ilitimia kwa herufi zake.

Sasa, twamwendeaje mtu wa namna hiyo? Tumsikilize Mtakatifu Yohane katika sura ya nne ya Injili yake. Mwanamke wa Samaria alikwenda kisimani adhuhuri, jua likiwa kichwani, saa ambayo wanawake hawachoti maji. Wafasiri wengi husema kwamba aliichagua saa hiyo asikutane na mtu, kwa sababu ya maisha yake. Bwana wetu aliyajua maisha hayo yote. Je, alianza nayo? Hakuanza nayo. Alianza kwa kumwomba maji ya kunywa. Jambo dogo mno, nalo lampa yule mwanamke cheo: yeye ndiye mwenye ndoo, Mwana wa Mungu ndiye mwenye kiu. Mwanamke akajibu, tena kwa ukali kidogo. Neno likazaa neno. Mambo mazito yalikuja baadaye, maji yakiwa yamekwisha fungua njia. Na mwisho wake twaujua: yule aliyewakimbia watu akauacha mtungi wake, akaingia mjini kuwaita watu wale wale.

Tukijilinganisha na hayo, twaona haya. Mkristu akikosa kufika katika Jumuiya Ndogo Ndogo miezi mitatu, tufanyeje? Mara nyingi huenda kwake mwenyekiti, na katibu, na mtunza hazina akiwa na daftari la michango. Huketi kwa mstari kama baraza la wazee, humwuliza sababu za kutoonekana, humsomea madeni yake. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walipozichagua Jumuiya hizo, katika miaka ya 1970, ziwe msingi wa kazi ya Kanisa, walitaka Wakristu wajuane kwa majina na kusaidiana. Hatudhani walifikiria daftari. Mtu aliyejifungia kwa aibu, ukimpelekea aibu nyingine, umemwongezea komeo. Michango ni ya haki nasi hatuipingi, lakini isiwe neno la kwanza.

Neno la kwanza liwe jepesi, lenye uchangamfu, tena lihitaji jibu fupi tu. Salamu zetu zimeumbwa hivyo. Wanyamwezi husema "Mwangaluka", na mwenzi hurudisha "Mwangaluka". Hakutakiwa kubuni kitu. Kisha habari za kuamka, habari za nyumbani, habari za watoto, na kila moja yajibiwa kwa neno "njema" hata kama si njema sana. Wako vijana waonao kwamba huo ni upotezaji wa wakati, nao huinua kidole gumba na kupita. Sisi twaona ni ngazi yenye vidato vifupi, ambayo hata mgonjwa aweza kuipanda.

Au mtume mtoto. "Hodi, bibi! Shikamoo. Mama kanituma, ana shida ya chumvi kidogo." "Marahaba, mjukuu wangu. Hebu subiri." Katika "hebu subiri" hiyo bibi amesimama, ameingia jikoni, amekuwa mtu wa kutoa. Tena kesho mtoto atarudisha chumvi, na hiyo ni hodi ya pili bila kutafuta sababu. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu hakutoka katika monasteri yake tangu alipoingia akiwa na miaka 15, na bado mwaka 1927 Kanisa lilimfanya msimamizi wa misioni. Yeye mwenyewe asimulia habari ya sista mmoja mzee, mgumu wa kuridhika, ambaye alimwongoza kila jioni mpaka chumba cha chakula. Siku moja aliona kwamba mikono ya yule mzee yashindwa kukata mkate. Akamkatia, na kabla ya kuondoka akampa tabasamu lake lililo bora. Kumbe ni tabasamu hilo, kuliko huduma yote, lililomshinda yule mzee.

Na wewe usomaye maneno haya ukiwa ndani, pengine gazeti limeletwa na mwingine, hatukuambii uende kesho sokoni ukaongee na watu mia. Toka mpaka kizingitini saa watoto waendapo shule. Mjibu mmoja. Kesho kutwa mwulize jina lake. Ukinunua kibiriti, mwambie muuza duka neno moja zaidi ya bei, hata kama ni juu ya mvua. Siku utakayoshindwa usihesabu kwamba umerudi mwanzo. Aliishi Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mganga Adriano Atiman, aliyeibwa utotoni karibu na Timbuktu, akauzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea uganga Malta, na akafika Karema mwaka 1889. Alikuwa mgeni huko. Alikuwa na sababu za kutosha za kujificha na watu. Akawaganga mpaka alipofariki mwaka 1956, na uganga, jueni, huanza kwa kumwuliza mtu alivyoamka.

Twaongeza jambo moja kwa uzito. Ikiwa jirani hali, halali, asema hana haja ya kuishi, huyo yafaa apelekwe hospitali upesi, kwa kuwa sonona ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na mtu asiende peke yake. Msindikizeni, mkae naye kwenye benchi.

Lakini kwa wengi haijafika huko. Mvua zikianza, miembe ya Tabora yainama kwa matunda, na hakuna nyumba isiyo na maembe ya kugawa. Yajazeni sahani, mtoto aipeleke kwenye mlango ule, asalimie, aiache, arudi. Kwa desturi yetu sahani ya jirani hairudi tupu. Yaweza kukaa siku nne, yaweza kukaa majuma mawili. Msiifuate. Na itakaporudi, hata ikiwa na viazi viwili tu au kikonyo cha mchicha, aliyeileta akaribishwe kiti, wala asiulizwe alikuwa wapi siku zote.