Desturi ya Mungu na Mazoea ya Fundi

Katika vyumba vya mitambo vya viwanda vya kugandisha samaki na nyama husikika kauli ambayo ni vigumu kuipinga bila kuonekana kupungukiwa imani: kwamba siku ya mtu ikifika, hakuna kufuli wala kifaa cha kuvaa puani kitakachoizuia. Kauli hiyo, ikichukuliwa kama fundisho la kadari, yaani imani kwamba Mungu amekwisha kuyapima mambo yote pamoja na muda wa kila uhai, haina kasoro kubwa. Kasoro iko mahali inapotamkwa, kwa kuwa aghalabu hutamkwa na mtu aliyeshika spana, mbele ya kompresa ambayo hajaikata umeme wala kuitoa gesi.

Kompresa ni mashine inayovuta mvuke wa gesi ya kupoozea kutoka kwenye vyumba vya baridi na kuubana hadi upate joto na presha ya kutosha ili, ukishapozwa, ugeuke tena kuwa kimiminiko. Katika mitambo mikubwa gesi iliyozoeleka ni amonia, ambayo katika presha ya kawaida ya hewa huchemka kwenye nyuzi 33 hivi chini ya sifuri, na ambayo ikifungiwa ndani ya chombo chenye nyuzi 30 tu, joto la mchana wa kawaida wa pwani, hukisukuma chombo hicho kwa presha inayozidi mara 11 ile ya hewa. Gesi hiyo huyatafuta maji popote yalipo, na mwilini huyapata kwanza machoni, kooni na mapafuni. Ikifikia sehemu 300 katika sehemu milioni moja za hewa, huhesabiwa kuwa hatari ya papo kwa papo kwa uhai. Ndiyo maana kabla ya kifuniko kulegezwa, kompresa huachwa kwanza iivute gesi ya upande wa kuingilia, kisha ikazimwa, vali za pande zote mbili zikafungwa, swichi kuu ikatiwa kufuli, na mabaki ya gesi yakaondolewa kwa njia salama. Mshale wa geji ukishuka hadi sifuri, asiyeijua kazi hudhani gesi imekwisha. Kumbe kiasi chake kimeyeyuka ndani ya mafuta ya kulainishia yaliyo chini ya kompresa, nacho huendelea kutoka polepole, hata baada ya dakika chache mshale ukaanza kupanda tena bila mtu kugusa kitu. Fundi stadi huisubiri sifuri ya pili, na wakati mwingine ya tatu, kabla ya kuamini.

Kusubiri huko kunamhusu Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, kuliko inavyodhaniwa. Katika Tahafut al-Falasifa, kitabu alichowajibia wanafalsafa, al-Ghazali alishikilia kwamba moto ukigusana na pamba na pamba ikaungua, jicho huona mambo mawili yakifuatana tu, wala halioni ulazima wowote unaoyafunga pamoja. Kinachoyaunganisha ni desturi aliyoiweka Mungu, naye akitaka huweza kuivunja. Msomaji mwenye haraka angeweza kuhitimisha kwamba, kwa hoja hiyo, hata amonia haina cha kuogopwa. Lakini al-Ghazali huyohuyo, katika mlango wa Ihya Ulum al-Din unaozungumzia tauhidi na tawakali, tawakali ikiwa ni kumwachia Mungu mambo kwa moyo uliotulia, anamtaja mtu aliyeketi na njaa mbele ya chakula akikataa kunyoosha mkono, na kumhesabu kuwa mwendawazimu. Kauli hizi mbili hazipingani, kwa kuwa anayetarajia desturi ya Mungu ivunjwe kwa ajili yake anadai muujiza kana kwamba ni haki yake, na hiyo ni jeuri iliyovaa kanzu ya unyenyekevu. Kosa la kawaida zaidi, hata hivyo, ni la mtu kuyachukua mazoea yake mwenyewe kuwa ndiyo desturi ya Mungu. Fundi aliyefungua kompresa bila kufunga swichi kwa miaka 10 na asipatwe na lolote hudhani ameijua tabia ya mashine, ilhali alichokijua ni kwamba katika miaka hiyo hakutokea mtu wa kuiwasha mikono yake ikiwa ndani.

Kazi ya kumwaga mafuta huonyesha jambo hili vizuri zaidi. Mafuta ni mazito kuliko amonia ya kimiminiko, kwa hiyo yale yanayoponyoka kutoka kwenye kompresa hutuama chini ya matangi na hulazimika kutolewa kwa mkono, amonia ikiwa imejificha ndani yake. Kwenye bomba la kumwagia huwekwa vali ya springi, ambayo hukaa wazi kwa muda ule tu mkono unapoishikilia, kwa sababu aliyeibuni alikwisha kukubali kwamba anayemwaga anaweza kuzidiwa na gesi, akakimbia au akaanguka. Mafuta yakiwa yameganda kwa baridi hutoka kwa shida, mkono huchoka, na hapo mtu hutafuta waya, akaufunga mpini wa vali ubaki wazi, akaenda kushughulika na mengine. Kipande hicho cha waya kina teolojia yake: kinadai kwamba mwili wa aliyekifunga hautashindwa, wala bomba halitamsaliti, dai ambalo hakuna mwenye kuamini kadari angethubutu kulitamka kwa ulimi.

Al-Ghazali aliyagawa mambo ya kuondolea madhara katika madaraja matatu. La kwanza ni la yale ya yakini, kama maji kwa mwenye kiu. La pili ni la yale yanayotarajiwa kufaa, kama dawa nyingi za matabibu. La tatu ni la yale ya dhana tupu, ambayo kuyaacha aliona ndiko kunakolingana na tawakali. Kukata umeme na kutoa gesi ni vya daraja la kwanza. Kipima gesi cha ukutani, ambacho chenyewe huweza kuharibika, ni cha daraja la pili. Barakoa ya vumbi, ambayo haizuii amonia hata kidogo lakini huvaliwa kwa utulivu mkubwa wa moyo, ni ya daraja la tatu, na pengine ni mbaya kuliko kutovaa kitu.

Kufuli nalo lina lawama zake. Kila anayeingiza mikono kwenye mashine hutia kufuli lake na kubaki na ufunguo wake, watu wanne makufuli manne, na wapo wanaouona utaratibu huo kuwa tusi kwa wenzao wa zamu. Lakini anayewasha swichi kwa kawaida hana nia mbaya; amekuta samaki wanaanza kulainika, msimamizi amempigia simu, wala hakuna aliyemwambia kwamba kuna mtu nyuma ya kompresa. Kufuli humkinga na yeye pia, asije akaua bila kukusudia.

Kumbukumbu la Torati 22:8 humwamuru ajengaye nyumba mpya azungushie dari yake ukuta mdogo, ili mtu akianguka hatia ya damu isiijie nyumba hiyo. Marabi wa Talmudi, katika kitabu kiitwacho Shabbat, walijiuliza kama aliyeanguka hakuwa amekadiriwa kuanguka tangu siku za uumbaji, wakakubali kwamba yawezekana, kisha wakasema kwamba jambo baya hupitishwa mikononi mwa mwenye hatia. Jibu hilo huwagusa wenye mitambo kuliko mafundi. Mwaka 2017, katika uwanja wa barafu wa mji wa Fernie nchini Kanada, watu watatu walikufa kwa amonia baada ya kipoozeo kilichokwisha kujulikana kuwa kinavuja kurudishwa kazini. Sheria za usalama na afya mahali pa kazi, ya Tanzania ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2007, humbebesha mwajiri sehemu kubwa ya wajibu, na kwa haki, maana fundi hawezi kuisubiri sifuri ya pili ikiwa msimamizi amesimama mlangoni akihesabu dakika.