JUMATANO: Nyumba ya Kupangisha au Hisa?

Soma Yeremia 32:6–15. Yeremia alinunua shamba katika hali gani, na alifuata hatua zipi?

Yerusalemu ilikuwa imezingirwa na jeshi la Babeli, na nabii alikuwa amefungwa katika uwanda wa walinzi. Hata hivyo alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Muuzaji, Hanameli, alikuwa ndugu yake, lakini fedha zilipimwa, mashahidi wakaitwa, hati ikatiwa muhuri na kuwekwa katika chombo cha udongo. Imani haikumfanya aruke utaratibu.

Mshiriki wa Olasiti, magharibi mwa jiji la Arusha, mwenye akiba yake ya kwanza, ana njia mbili mbele yake. Moja ni kununua kiwanja na kujenga vyumba vya kupangisha. Jengo linaonekana, na kodi husaidia ada za watoto. Lakini fedha nyingi hutoka kabla mpangaji wa kwanza hajaingia, na kiwanja kilichonunuliwa kwa maneno matupu huzaa kesi. Nyingine ni hisa, zinazonunuliwa kupitia dalali mwenye leseni katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998. Hapa mtu huanza na kidogo, na hupata gawio kampuni ikipata faida na kuamua kuigawa. Lakini bei hushuka pia, na anayenunua leo ili auze kesho kwa kukisia amekaribia kamari.

Soma Luka 14:28–30. Mithali 22:7 na Mhubiri 11:2. Mafungu haya yanamshauri nini anayeanza?

Mwenye akiba isiyotosha hata msingi wa nyumba hana sababu ya kukopa ili majirani waone amejenga. Wala mwenye kiwanja halali hana sababu ya kukiuza kwa kuwa rafiki amesifia hisa.

Soma Isaya 5:8 na Habakuki 2:15. Ni onyo gani lililomo kwa mwenye nyumba na kwa mwenye hisa?

Mwenye hisa ni mmoja wa wamiliki wa kampuni. Katika soko la Dar es Salaam zimo pia hisa za kampuni ya bia na ya sigara. Anayekataa pombe mezani kwake atapokeaje gawio lake? Swali hilo hilo humfikia mwenye nyumba aliyepangisha chumba cha mbele kiwe baa, au anayemdai mjane kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Wakili hutoa hesabu ya faida, na pia ya njia iliyoileta (Luka 16:2).

Je, fedha yako inafanya kazi gani wakati wewe umeketi kanisani siku ya Sabato? Ungeweza kuieleza kazi hiyo mbele ya darasa lako bila kuficha lolote?